Njia ya Tollef Kwenye Theluji

Tollef Hagestad alikuwa seremala kwa riziki na mpiga picha kwa wazimu. Ndivyo tulivyomsema hapa kijijini Dovre, wala hakukasirika. Kila msimu wa baridi alitupa nyundo, akafunga mbao za kutelezea miguuni, akapanda mlimani na kamera mgongoni kuwatafuta moskusi, wale ng'ombe mwitu wa manyoya marefu yanayoburutika chini. Nyumba yake iko pale reli inapopinda, chini kabisa ya mlima. Mkewe alishamchoka, akahamia kwa dada yake mjini Trondheim. Ukimuuliza Tollef habari za mkewe, atakupa habari za fahali.

Kuna jambo moja alilishika kama dini. Moskusi wakati wa baridi anaishi kwa mafuta aliyojiwekea kiangazi, na ukimkimbiza, hata kidogo, unamla angali hai. Kwa hiyo Tollef hakuzurura ovyo mlimani kama wageni. Alikata njia moja tu kutoka mlangoni mwake hadi ukingoni juu mlimani wanakosimama wanyama, akaipita hiyo hiyo kwenda na kurudi, siku nenda siku rudi, theluji ikashindiliwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Wanyama wajue kwamba yule mzee hupita hapa tu, wasihangaike. Wapiga picha waliofanya vingine aliwatukana hadharani. Mnyama akiinua kichwa tu kukutazama, alisema, umeshamwibia.

Basi ukaja mwaka huu wa balaa. Januari ilinyesha mvua, naam, mvua, kisha baridi ikarudi na kuifunga ardhi kwa barafu, halafu juu yake ikamwagika theluji ya kufika kiunoni. Moskusi walikwangua na kukwangua wasipate hata unyasi. Tollef aliwatazama kwa lenzi wakikonda, fahali mzee na majike wanne, na usingizi ukampaa. Siku moja fahali akaacha ukingo akaja taratibu, akimwelekea moja kwa moja, mvuke puani, vipande vya barafu vinaning'inia kidevuni. Tollef alirudi nyuma mdogo mdogo huku anapiga picha na machozi yanamtoka. Aliposhuka alitusimulia sote pale dukani kwamba baada ya miaka yote hiyo mnyama amemzoea. Tukamtania kwamba afadhali amepatikana mmoja wa kumzoea. Akacheka na sisi. Maskini, alifurahi kwelikweli.

Wiki haikuisha, treni ya asubuhi ikamgonga yule fahali nyuma ya nyumba yake.

Aliyekuja kumpa habari ni Ragnfrid, binti wa dada yake Tollef, ambaye ndiye mlinzi wa wanyama wa mlima wetu. Walikwenda wote wawili mpaka relini. Tollef alimlaumu dereva, akailaumu hali ya hewa, akasema macho ya fahali yalikuwa yamezeeka akapotea njia. Ragnfrid alimwacha amalize.

"Tazama kwato, mjomba," alisema. "Hajazama popote. Amekuja juu ya njia yako toka mlimani mpaka hapa."

"Alikuwa ananifuata mimi."

"Wewe? Mjomba, huyu alikuwa anafuata pasipozama. Ana njaa, theluji imemfika tumboni, nawe umemtandikia barabara. Barabara yenyewe inaishia relini."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Tollef aliingia ndani akatoka na beleshi, akaanza kuivunja njia yake kipande kwa kipande, kuanzia chini. Alivunja mpaka viganja vikachubuka. Upepo ukaja nyuma yake, ukajaza mashimo, na baridi ikayagandisha upya, njia ikawa ileile. Asiyeijua theluji atasema mzee alikuwa mvivu. Sisi tulimwona, na hatukuwa na la kumsaidia.

Alikuwa hajafika hata nusu alipoona majike wanashuka, wamepangana mmoja nyuma ya mwingine, juu ya ile njia. Matumbo yao yalikuwa na ndama. Akampigia simu Ragnfrid, naye akapanda mbio, bunduki begani.

"Wapigie kelele warudi," Ragnfrid alisema.

"Wakikimbia kwenye theluji hii watakufa."

"Na wakishuka?"

Tollef, ambaye maishani mwake hakuwahi kumtisha mnyama wakati wa baridi, aligonga beleshi kwa fimbo yake ya kutelezea na kupiga mayowe. Majike wakageuka, wakatimka kando ya njia, wakazama hadi kifuani, wakapapatika kama waliotumbukia matopeni. Watatu walijivuta wakasimama. Wa nne alilala, na kila alipojaribu kuinuka magoti yalimkataa. Tollef alimfikia akakaa karibu naye muda mrefu, akimbembeleza ainuke. Mwishowe Ragnfrid alimwomba asogee, akafanya lililobaki kwa bunduki. Wale watatu hawakukimbia hata kwa mlio ule. Hata nguvu za kuogopa ziliwaishia.

"Nimewaua mimi," alisema Tollef. "Mimi niliyewapenda kuliko mke wangu."

Ragnfrid hakumfariji kwa uongo. Alisema madereva wa treni wameambiwa wapunguze mwendo, na kwamba yeye atabaki na wanyama.

"Nenda nyumbani, mjomba."

"Nipite wapi?"

Ragnfrid aliitazama njia, kisha akamtazama mjomba wake. Kila Tollef atakapoikanyaga ataishindilia tena. Tollef akavua mbao za kutelezea zisije zikashindilia njia nyingine, akazibeba begani, akaingia kwenye theluji mbichi palepale alipolala jike, mbali na njia. Alizama kiunoni. Alisukuma kwa tumbo na mapaja, akaanguka, akainuka, akaendelea kuteremka, pumzi ikimkata, mpaka alipomsikia Ragnfrid akimwita asimame.

Aligeuka. Nyuma yake theluji ilikuwa imepasuka mtaro mrefu kwa upana wa mwili wake, na jike wa mbele, pua chini, alikuwa ameshaingia ndani yake. Wenzake wawili walikuwa wanafuata. Tollef akasimama palepale, theluji kiunoni, asijue aende wapi.