Matuta ya Baba Thadei

Mume wangu Venansi hajawahi kugombana na mtu, na hilo peke yake linatosha kumchosha mke. Mwaka wa hamsini na nne vijana wenzake wa Kabungu walikuwa mgodini Mpanda, wakirudi na baiskeli. Yeye alikuwa bado kwenye ua wa mama yangu, Skolastika, akimlimia kufidia mahari isiyokwisha. Sisi na mtoto wetu Thadei tulilala kwenye kibanda nyuma ya jiko la Mama. Nilitaka nyumba yangu. Nilitaka kupika mboga bila mtu kuja kuonja chumvi.

Ndipo jumbe akatangaza habari ya serikali: atakayechimba matuta ya kukinga maji, yaliyokatiza mteremko ili mvua isibebe udongo, atalipwa fedha baada ya kukaguliwa. Wengi walicheka. Lini serikali ikakulipa kwa kulima shamba lako mwenyewe? Venansi hakucheka. Alichimba misimu miwili mpaka viganja vikawa kama gome la mti. Fedha hiyo ingemaliza mahari, na Mama angeturuhusu kuhama.

Lakini kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Akimwona njiani, anaingia porini mpaka apite. Mama mkwe naye hatamki jina la mkwewe. Wengine siku hizo walishaanza kulegeza. Venansi wangu, aliyemshinda hata padri kwa kushika amri, hakulegeza hata kidogo.

Siku ya ukaguzi nilikuwa mtoni naloweka mihogo. Mama, bila kumwambia mtu, akaingia shambani kwetu kuchuma majani ya maharage. Venansi alikuwa amesimama juu ya tuta lake tangu asubuhi akimsubiri Bwana Shamba aje kukagua. Alipomwona Mama tu, akajitupa kichakani. Gari nalo likafika.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili, na maneno yao yalilingana.

"Shamba hili la nani?" karani wa Bwana Shamba aliuliza.

"La baba Thadei," Mama akajibu.

"Jina lake la kodi?"

Mama akainama, akaendelea kuchuma majani.

"Mama, matuta haya ni mazuri sana. Taja jina, mwenyewe alipwe."

Mama akatazama chini. Na mume wangu yuko pale pale, anasikia kila neno, ameketi kwenye upupu anajikuna. Bwana Shamba akasema shamba lisilo na mwenyewe halilipwi. Wakaenda kwa jirani.

Nilipofika gari lilikuwa limeshaondoka kijijini. Damu ilinichemka.

"Si ungekohoa basi?" nilimwambia Venansi.

"Mama Thadei, ningekohoa wangenivuta nje. Ningemtazama vipi mama?"

Nikamfuata Mama jikoni. "Na wewe, neno moja tu. Venansi. Lina mfupa gani hilo jina?"

"Nyie watoto wa siku hizi," akasema, akiendelea kukoroga mboga, "mtauza hata adabu mkipata mnunuzi."

Nililia kwa hasira, na ugali wao sikuugusa. Nilijiona nitazeekea nyuma ya lile jiko.

Asubuhi Mama aliniita, akanikabidhi mkeka wake mpya na chungu kikubwa.

"Mwambie mwenzako atafute pa kujenga. Mahari imekwisha."

"Imekwishaje, na fedha hatukupata?"

"Amesikia fedha yake inaondoka, akabaki kichakani kwa ajili yangu. Nimdai nini tena?"

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini hasira ilitangulia. Misimu miwili mtu anachubuka mikono atutoe kwenye ua ule, kumbe Mama hakuwa na haja na fedha ya matuta yetu hata siku moja.