Mwanamke wa Ndani ya Miwani

Ukimwuliza Nabwire mwenyewe, atakuapia kwamba hana wivu. Majirani zake wa mtaa wa Lubaga watacheka, maana aliwahi kumfuata mumewe hadi kwa kinyozi aone ni nani anayemwosha kichwa.

Mumewe, Sifuna, ni seremala. Tangu wamzike Dolphine, binti yao mchanga, hakumtaja wala kumlilia. Alinyamaza tu, na kazi ikamshinda. Ndipo wakaelekezwa mtaa wa Ntinda kwa Raisa, anayetibu watu kwa kuchora. Mgonjwa wake huvishwa miwani minene ya kompyuta inayoziba macho, akachora hewani, na akipenda huizunguka picha yake kama mtu anavyozunguka kiti.

Nabwire alikaa nje ya duara ambamo mgonjwa husimama kuchora, akitazama televisheni iliyoonyesha kile alichokiona Sifuna. Aliona mgongo wa mwanamke. Wiki iliyofuata mgongo ukavishwa leso. Lakini kila Sifuna alipotaka kupita mbele ya yule mwanamke, yeye aliinua mkono kama ishara, na Raisa akazima televisheni. Kisha Sifuna alitabasamu chini ya miwani, yeye ambaye nyumbani hatabasamu hata kwa chapati. Nabwire alihisi roho ikimuuma.

"Huyo mwanamke ni nani?" alimwuliza Raisa.

"Nyabo, mama, hiyo picha ni ya yeye. Akipenda, atakuonyesha mwenyewe."

Nabwire akamgeukia mumewe. "Baba Dolphine, nivalishe hiyo kitu. Nataka kumsalimia mke mwenzangu."

Sifuna alisita, kisha akamvalisha.

Nabwire alizunguka kwa kasi ya mtu anayekwenda kufumania. Uso aliokutana nao ulikuwa wake mwenyewe, na mapajani alikaa Dolphine, mashavu yamejaa, nyuzi nyeusi masikioni pale alipotobolewa.

Usidhani wivu ulimtoka. Ulizidi.

"Kumbe wewe unakuja kumwona," alisema. "Mimi nalia peke yangu jikoni, na wewe uko naye huku."

"Niliogopa nikimtaja utaumia," Sifuna alisema.

"Nimeumia bila kutajiwa."

Raisa alisema kwa upole kwamba mgonjwa mwingine anangoja. Nabwire aliketi sakafuni. Sifuna alipoishika miwani amvue, Nabwire aliusukuma mkono wake.

"Wewe umemwona mara nyingi," alisema. "Leo niachie mimi."