Wiki Moja Bila Chumvi

Kaka yangu alianguka Magu, katikati ya majaruba ya mpunga, asubuhi ambayo alikuwa amekunywa uji vizuri na kumtania mkewe. Hakuwahi kupima presha. Sasa upande wake wa kulia haufanyi kazi, na mkewe anamgeuza kitandani kama mtoto. Tulipotoka kumwona, mke wangu alingoja tufike nyumbani, Mabatini.

"Nenda kapime," akasema.

"Siumwi."

"Na shemeji alikuwa anaumwa? Mimi sina mgongo wa kukugeuza."

Ninauza mchele. Nipo katika ule umri ambao vijana wa sokoni wameanza kuniamkia bila kusitasita. Kumlipa mtu ili aniambie sina kitu, kwangu hiyo ilikuwa hasara ya wazi. Lakini mke wangu akiacha kubishana huwa ameshashinda. Nikaomba wiki moja.

Wiki hiyo nikajitengeneza. Chumvi nikaacha. Bia za jioni nikaacha, pamoja na nyama choma inayozisindikiza. Nikalala mapema, dukani nikaenda kwa miguu. Sokoni wote tunaijua kazi hii: mchele mzuri unakaa mdomoni mwa gunia, chenga, zile punje zilizovunjika, zinakaa chini. Ndiyo maana mnunuzi mjanja huja na bambo, kile chuma chenye mfereji, akachoma gunia ubavuni na kutoa kilichojificha.

Daktari alikuwa kijana wa kumzaa.

"Shikamoo mzee. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Na mke wangu."

Ukutani walibandika vipimo vyao: moyo, ini, figo, picha ya tumbo, vyote kwa bei ya jumla. Nikamweleza ya kaka yangu, kisha nikamwambia anipunguzie bei.

"Nakupunguzia vipimo vyenyewe," akasema. "Kama huna dalili yoyote, vingi vya hapo huvihitaji. Ila kwa umri wako, na kaka yako ameanguka, presha na sukari usiviache."

Muuzaji anayekataa kuniuzia hunitia wasiwasi kuliko anayening'ang'ania. Sukari ikawa nzuri, presha nzuri. Nikamwomba arudie presha. Ikawa nzuri tena.

Nilipompa mke wangu majibu, alinitazama kama ninavyomtazama mkulima anayesifia gunia lake.

"Wiki nzima umekula kama mgonjwa," akasema. "Umepanga mdomo wa gunia."

Nikarudi kwenye chumvi yangu.

Baada ya wiki chache, siku ambayo mzigo ulikuwa umeingia, nilikuwa nabishana na mama mmoja wa Pasiansi aliyetaka mchele safi kwa bei ya chenga. Mke wangu akaingia dukani na mashine ya presha aliyoazima kwa mwanakwaya mwenzake.

"Kaa. Leta mkono."

"Nina mteja."

"Mteja atasubiri," akasema yule mama, akavuta kigoda ili aone vizuri.

Mashine ikanibana mkono, ikalia. Namba ilikuwa mbaya.

"Nimetoka kubeba," nikasema. "Pima tena."

Akanikalisha kimya, hata bei sikuruhusiwa kutaja, akapima tena. Mbaya vilevile.

"Baba," akasema yule mama, "na huo mchele wangu nao utaupima mara mbili."

Kesho yake kabla ya chai, hali ile ile. Tukarudi kwa daktari, mke wangu akiwa ametangulia. Daktari akapima mwenyewe, akatikisa kichwa, akauliza ile wiki ya kwanza niliishije. Nikamweleza. Nilipofupisha, mke wangu alijazia.

"Basi ishi hivyo hivyo," daktari akasema. "Urudi baada ya mwezi. Presha ikigoma kushuka, tutaanza dawa."

"Niishi hivyo kwa muda gani?"

"Muda wote, mzee."

Nikamwomba tufanye siku tano kwa wiki. Mke wangu akakohoa. Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Miaka yote niliyokaa kwenye biashara hii, hakuna mteja aliyewahi kunidai nijaze gunia zima kwa mchele wa juu. Jioni ile niliwekewa maharage yasiyo na chumvi. Mke wangu alikuwa amejipakulia yale yale. Nilikuwa nimechoka hata kubishana. Nikauliza kama angalau kuna ndimu.

Ilikuwepo. Akanikatia nusu.