Mahali Gari Linapovutia Pumzi

Nakumbuka siku moja, na kabla sijaisimulia nitawataja wote waliokuwepo, kwa sababu kila mmoja wao alinibeba mahali. Alikuwepo Tata Mwilambwe, fundi wa magari, maana tulikuwa uani kwake. Alikuwepo Papy, kijana muuza vipuri. Alikuwepo Kambo Ngoie, nyanya yetu aliyemzaa mama. Walikuwepo wadogo zangu watatu: Monga, Kalume, na Feza, ambaye ndiye mama yako, wakati huo bado wa kubebwa mgongoni. Na mimi, mkubwa wao. Baba na mama hawakuwepo. Walikuwa wametutangulia, wakatuachia gari moja dogo.

Mwanangu, jana ulinionyesha kwenye simu lile bomba la hewa linalong'aa, na chujio lake lililo wazi kama ua, ukaniuliza kama ulinunue hilo kwanza au turbo iliyotumika. Gari lako ni la bei ndogo na unataka liwe na mbio. Sikucheka. Nami nilikuwa na umri wako, na nilitaka vilevile.

Nilikuwa nimeacha shule mapema ili niliendeshe gari la baba. Nilibeba abiria na magunia ya unga kati ya Kolwezi na Kasaji, msichana peke yangu katikati ya wanaume. Likishapakiwa, gari lilitambaa. Wenzangu, wakiwahi ugali wa Kasaji, walinipita wakimpigia honi dada yao: "Yaya Kinyonga! Tukuwekee bukari, ama utakula kesho?" Nilicheka nao, lakini kicheko kiliishia kwenye meno.

Kilichoniuma zaidi ni neno la mjomba wetu wa Kasaji. Siku ya kumaliza matanga alisema mbele ya watu wote: "Muko batoto bane. Kama gari inatembea, mukae pamoja. Ikikufa, tutagawa batoto, kila mumoja na nyumba yake." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ukoo unavyookoa watoto. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi mama kwamba hawatatengana. Na Jumapili moja mjomba akatuita sote Kasaji, tuje na gari hilohilo, wazee walione.

Basi Jumamosi ya kuamkia siku hiyo nilikwenda uani kwa Tata Mwilambwe kulitafutia gari nguvu.

Papy alikuwa na maneno matamu kuliko vipuri vyake. "Yaya, gari yako iko na pua ya panya," alisema. "Mi nitaipatia pua ya tembo." Akang'oa lile sanduku jeusi la chujio lililokuja na gari, akafunga bomba lake la kung'aa na chujio lisilo na kifuniko. Alipowasha, injini ilinguruma hadi Monga na Kalume wakarukaruka. "Unasikia?" alisema Papy. "Kwa hii sauti tu, batatoka mu njia benyewe!"

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku hiyo masikio yangu yalikuwa yamejaa ngurumo. Tata Mwilambwe hakubishana naye. Alijifuta mikono na kuniambia, "Gari haichaguliwi mu duka, mama. Inachaguliwa mu njia. Twende."

Tulipanda wote, tukabanana, tukaelekea upande wa Kingamyambo nyuma ya malori ya madini. Ilikuwa kiangazi, na unaijua ile barabara: vumbi halitui, linaning'inia tu. Nilikanyaga mafuta, gari likanguruma, na nikuambie kweli, moyo wangu uliruka. Kambo, aliyeketi mbele na Feza mapajani, alijifunika pua kwa kitenge kwenda na kurudi.

Tuliposhuka uani alikung'uta kitenge, akalisogelea gari.

"Mi nilifunika pua," alisema. "Batoto balifunika pua. Hii gari, pua yake nani alifunika?"

"Kambo, iko na chujio, angalia!" alijibu Papy.

"Sitaki kuangalia chekeche. Nionyeshe nyuma ya chekeche."

Hapa lazima nikueleze. Kambo aliuza unga wa muhogo maisha yake yote, na wanunuzi wa unga hawaamini macho, kwa sababu mchanga nao unaweza kuwa mweupe. Wao huchukua unga kidogo, wakauweka kati ya meno ya mbele, wakasikiliza. Muhogo ulioanikwa kando ya barabara hulia.

Papy akalegeza bomba upande wa injini, mahali ambapo hewa imekwisha kuchujwa. Kambo akaingiza kidole, akakizungusha, akakitoa, akakitia mdomoni.

"Kambo! Ni mavumbi ya madini hiyo!" nilipaza sauti.

"Nyamaza. Niko nasikiliza."

Aliuma taratibu, akatema, akasema neno moja: "Inalia."

Kisha akanigeukia. "Na weye."

Nilikataa, naye akanishika mkono, akanisogeza kwenye bomba. Nikatia kidole, nikauma. Mwanangu, sauti ile ndogo ilipita kwenye fuvu langu, kriii, na nikaelewa pistoni zangu zingeimba wimbo gani mpaka Kasaji. Nilitema, nikasukutua kinywa mara nyingi, lakini sauti haikutoka. "Kilichopita kwenye chekeche ndicho utakachokula," alisema Kambo, akaniletea maji mengine.

Papy alikuwa mtu wa haki. Alilitazama bomba lake, akatikisa kichwa. "Pua ya tembo imekunywa mavumbi," alisema, akaanza kulifungua mwenyewe.

"Sasa kesho nitafikaje?" niliuliza. Machozi yalikuwa karibu. "Gari haina nguvu. Batachukua batoto."

Tata Mwilambwe alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Alilisogezea kiganja, akakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria ya bukari. "Breki inashika," aliniambia. "Mama, uko natafuta nguvu ya kuvuta, kumbe kuna mutu anakushika kwa nyuma!"

Kambo ndiye aliyeanza kucheka, kisha sote. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Fundi akailegeza breki ile. Alipolirudisha sanduku la chujio akakuta mpira wa hewa kati yake na injini umepasuka, akaubadilisha, na plagi akazibadilisha. Papy naye akaleta kutoka kibandani kwake chujio jipya la karatasi linaloenea sawasawa ndani ya sanduku la zamani. Nilipomuuliza bei, alisema: "Mama yangu iko Kasaji. Siku moja umulete huku kwangu. Akae mbele, hapana juu ya magunia. Hiyo njo bei."

Jumapili tulikwenda. Gari halikukimbia kama simba. Lilikwenda kama mtu aliyetua mzigo. Mjomba alilizunguka, akaweka kiganja kwenye boneti, kisha akawatazama wadogo zangu mmoja mmoja.

"Mumefika bote?"

"Bote, mujomba."

"Moteri haikuchemka?"

"Hapana."

"Basi, mukule."

Kikao chote kilikuwa hicho. Nilikula huku Feza amelala magotini pangu, na kwa mara ya kwanza tangu matanga nilivuta pumzi ikafika chini. Wadogo zangu sikuwahi kuwatoa kwangu, hadi kila mmoja alipoondoka kwa miguu yake.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Kabla ya kuongeza nguvu, tafuta kinachokula ile uliyo nayo. Gusa magurudumu baada ya safari. Kagua mipira ya hewa, plagi na mafuta. Fundi apime kama injini bado inabana hewa vizuri, maana turbo kwenye injini iliyochoka ni kumtwika mzee gunia la kijana. Gari litakalokimbia lijue kwanza kusimama, kwa hiyo breki na matairi vitangulie. Sanduku la chujio liache mahali pake, ununue chujio zuri la ndani. Mji wetu unaishi kwa mawe yaliyosagwa, na hewa yetu ina meno. Na kama tayari umelinunua hilo bomba, usihuzunike. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata wewe mwenyewe, ukijiona mzito maishani, usikimbilie kuongeza. Angalia kwanza nani anakushika kwa nyuma.

Mungu akulindie macho na mikono. Akupe mbio zenye breki, na kila unayembeba afike.

Bado kuna jambo. Mama yake Papy sikumleta. Kila nilipopita Kasaji alisema, "Nivune karanga kwanza." Karanga zilivunwa mwaka baada ya mwaka, Papy akahamia Tenke, akaoa, na mama bado alikuwa na karanga. Wiki hii ametuma neno kwa kijana wa pikipiki: yuko tayari, mizigo ameifunga. Macho yangu hayaiwezi tena barabara ile. Litengeneze gari lako, mwanangu, umpeleke kwa mwanawe Tenke. Kiti cha mbele ni chake. Deni hilo bado halijalipwa.