Hita zenye Tone Jekundu

Mtaani walimwita Fundi Waya, na kwa miaka mingi jina lile lilimpendeza. Alitengeneza pasi, redio na feni. Baridi ikianza kung'ata, meza yake ilijaa hita.

Malalamiko yalikuwa yale yale: "Fundi, inajizima!" Sababu aliijua. Chini ya hita kuna swichi ndogo inayobonyezwa na sakafu. Hita ikiinama au kuanguka, swichi inaachia na umeme unakatika. Sakafu za mtaa ule zilikuwa zimetitia, hita hazisimami wima. Angeweza kuwaambia watu watafute ubao wa kusawazisha. Badala yake alikata kipande cha waya akapitisha umeme moja kwa moja bila kupitia swichi, kazi ya dakika tano, kisha akadondosha tone la rangi nyekundu chini ya hita, alama yake.

Ya kwanza ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota meno. "Mwanangu, leo miguu imerudi kuwa yangu," alisema shangazi akicheka, akamwombea dua ndefu.

Mwaka huu, alasiri moja, shangazi alisinzia kitini. Blanketi lilivuta hita, ikaanguka kifudifudi juu ya zulia, ikaendelea kuwaka. Majirani walipovunja mlango, hapakuwa na wa kuokolewa. Kwenye majivu Fundi alikikuta kipande chake cha waya. Hakikuwa kimelegea hata kidogo.

Hita nyingine kumi na moja zilikuwa bado majumbani mwa watu. Matanga yalipokwisha alianza kugonga milango. Siku tano, akapata mbili.

Siku ya sita aliingia kwa mama mshonaji. Hita ilikuwa inawaka shubiri moja kutoka kwenye rundo la vitambaa, imechomekwa pamoja na cherehani kwenye waya mmoja wa kuongezea. Nyuma ya mama, mjukuu wake alikuwa anakohoa kitandani.

"Mama, nipe hita niirekebishe."

"Ina nini? Inawaka vile vile ulivyoiacha."

"Ndiyo ubaya wake. Ikianguka haitajizima."

"Makubwa! Mwaka jana ulisema iko salama, leo itatuua. Nimwamini fundi yupi?" Mama akacheka, akiendelea kushona. "Au wateja wamekukimbia, sasa unawafuata makwao?"

Fundi alikaza macho kwenye kofia aliyoishika mkononi. Kwa wengine wote alikuwa amesema ni hitilafu ya kiwandani.

"Mama, shangazi nimemuua mimi. Ule waya niliufunga mimi. Hata wako."

Cherehani ikanyamaza. Mama akainuka, akamshika mkono.

"Baba, usijitese hivyo. Ulimtakia joto tu. Mimi sikulaumu, na hata yeye huko aliko hakulaumu."

"Basi nipe hita."

"Na huyu atalala na nini?" Akamwonyesha mjukuu kwa kidevu. "Baridi ikiisha, njoo uichukue."

Fundi akamsihi angalau aiweke mbali na vitambaa, aichomeke ukutani peke yake, aizime akitoka au akilala. Mama akaitikia kila neno, "Sawa baba, sawa," kama anayembembeleza mgonjwa, akaisogeza hita hatua mbili nzima.

Fundi akaaga. Alikuwa bado kizingitini, akifunga kamba za viatu, aliposikia hita ikiburutwa sakafuni, kurudi ilikokuwa. Kisha cherehani ikaanza tena.