Ukurasa Mmoja kwa Jembe Moja

Protus Shitanda alikuwa mwandishi kwa miaka mingi kabla hajaandika kitu. Sisemi hivyo kwa kumcheka, ingawa enzi hizo nilimcheka sana. Alikuwa jirani yangu hapa Shinyalu, mpasua mbao wa msituni, hadi gogo lilipomviringikia mguuni. Tangu siku hiyo hakuweza tena kusimama na jembe. Basi akatengeneza meza, akaiweka barazani, akanunua daftari na wino, akatangaza kwamba ataandika maisha ya kaka yake Shivachi, aliyekwenda vita vya Burma asirudi.

Meza ilikuwa nzuri, hata droo ilikuwa nayo. Kilichokosekana ni maneno. Kwanza alisema watoto wanapiga kelele. Mkewe, Selpher Kageha, akawapeleka kwa nyanya yao Malava, na Protus akasema sasa nyumba imenyamaza mno. Kisha kalamu ikawa inakwaruza, halafu kiti kikawa kifupi. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, tukaachana hapo, maana kwa methali hakuna anayeniweza.

Siku moja Selpher alinionyesha daftari lenyewe. Lilikuwa na sentensi moja tu: "Kaka yangu Shivachi alikuwa mtu mwema." Sifichi kwamba iliniuma. Kabla ya vita Shivachi alikuwa ameanza kuleta maneno ya posa kwetu. Baadaye niliolewa na mwingine, nikazaa, nikawa Mama Ayubu, na sina malalamiko. Lakini mtu mwema? Hata mbuzi aliyefungwa vizuri ni mwema.

Watu wa kilima chetu tulikuwa na chama cha kulimiana. Leo shamba langu, kesho la jirani, na kila nyumba ilileta majembe mawili. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, kwa sababu nina sauti na siogopi kuitumia. Mwaka ule, Uhuru ukiwa bado mpya na redio ikituhimiza kila siku tufanye kazi, nyumba ya Shitanda bado ilileta jembe moja tu, la Selpher, kama ilivyokuwa tangu Protus alipoumia. Wengine wakaanza kunung'unika.

"Mama Ayubu, sheria ni sheria," akasema Mzee Wanyonyi, aliyependa sheria zaidi ya waliozitunga. "Jembe moja, nusu shamba. Sisi hatulimianga kwa huruma."

Selpher alisimama akikwangua udongo kwenye jembe lake kwa kijiti, na mimi nilijua kwamba nusu ya shamba lile haiwezi kulisha nyumba yake hadi mavuno mengine. Nilimhurumia sana. Lakini kiongozi hawezi kuvunja sheria mbele ya watu, ila anaweza kuongeza nyingine.

"Protus atakuja kila siku wakati wa kupumzika," nikasema. "Atatusomea ukurasa moja ya hiyo kitabu yake. Ukurasa ni jembe. Siku hakuna ukurasa, hakuna jembe."

Walicheka, wakakubali, wengi wao kwa kuwa walijua hataweza.

Alikuja kesho yake na fimbo yake, akatukuta tumekaa juu ya matuta tukila mahindi na maharagwe. Akasoma. Shivachi alizaliwa, akabatizwa, akawatii wazazi, akawa mwema. Tulipomaliza kumsikiliza, Wanyonyi alimeza tonge lake polepole.

"Hiyo si jembe," akasema. "Hiyo ni mpini. Na ile fahali yake iliangusha ua ya kanisa siku ya Pasaka, iko wapi?"

Protus alishangaa. "Hiyo nayo inaandikwanga?"

"Sasa tukuje hapa kusikia nini?"

Kesho yake alileta fahali. Alimleta na pembe zake, na mwinjilisti akiwa amepanda dirishani, na Shivachi akimbembeleza mnyama yule kwa nyimbo za kanisa kwa sababu ndizo pekee alizozikumbuka kwa hofu. Tulicheka hadi tukachelewa kurudi kazini. Kisha mtu akauliza, na yule msichana wa Malava aliyempiga kwa mwiko, ilikuwaje? Protus akaenda nyumbani na swali hilo kama mtu aliyetumwa dukani.

Ikawa hivyo kila siku. Tulimuuliza, akaenda, akarudi na jibu. Selpher aliniambia kwamba siku hizi akiamka anamkuta mumewe tayari mezani. Watoto wamerudi kutoka Malava wanapigania uji, kuku wako chini ya kiti, naye anaandika tu. Hata kile kiti kifupi hakukisema tena. Nilifurahi, nikajifanya sijali.

Kisha zamu ya shamba lao ikafika, na siku hiyo Protus akaja mikono mitupu.

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya msitu tangu asubuhi. Mvua ikianza kabla shamba halijalimwa, magugu ndiyo yangeota badala ya mahindi. Sote tulisimama na majembe, na Wanyonyi akanitazama mimi.

"Mama Ayubu, leo sina kitu," Protus akasema. "Nimefika mahali anaondoka, na mbele yake sijui. Serikali ilituambia amekufa, basi. Haikusema wapi, haikusema namna gani. Sasa nitaandika nini?"

Selpher aliinamisha kichwa. Sheria ilikuwa yangu mwenyewe.

Hapo nikaukumbuka msiba wa Shivachi. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, wazee walifunga mgomba kwa blanketi, wakauzika, na haraka. Kwetu mtu akizikwa, watu husimama mmoja mmoja kusimulia maisha yake, hata ukaidi wake hupata msemaji. Siku ile hakusimama mtu. Nani angeuhutubia mgomba? Tulirudi makwetu, kila mmoja na maneno yake tumboni, na miaka yote ile Protus alikuwa anajaribu kuyasema peke yake.

"Protus, keti," nikasema. "Leo ukurasa ni yetu. Sisi tunalima tukisema, wewe unaandika."

"Na sheria?" akauliza Wanyonyi.

"Sheria ilisema ukurasa. Haikusema mdomo ni ya nani."

Mzee aliwaza kidogo, akatema mate viganjani, akainua jembe. Ndiye aliyeanza. Alisimulia jinsi Shivachi alivyombeba mgongoni kuvuka mto Isiukhu ulipofurika, akimtukana njia nzima kwa uzito wake. Mwingine akaongeza. Selpher akasema yeye hakuwahi kumwona shemeji yake, ila kila mtoto mkaidi wa nyumba ile huitwa Shivachi kwanza kabla ya kuitwa jina lake. Protus aliandika goti likiwa ndiyo meza, akisema mara kwa mara, "Rudia hapo."

Zamu yangu ilipofika nilisema bila kuinua macho. Asubuhi aliyoondoka alipita kwetu akaomba maji. Nikampa kibuyu, akanywa, akaomba tena, akanywa, akaomba tena. Baba yangu alikuwa amekaa pale pale mlangoni, kwa hiyo hatukusema kitu kingine. Alipokwisha kutoweka njiani ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa na kiu. Nililia nikisimulia, na jembe langu halikusimama.

Tulimaliza shamba zima. Mvua ilitukuta tunafuta majembe, na Protus alikuwa amelifumbata daftari ndani ya shati.

Tukapanda, na chama kikapumzika hadi wakati wa palizi. Hakuna aliyedaiwa na mtu. Asubuhi moja nilikuwa mlangoni kwangu nikichambua maharagwe nilipomwona Protus anakuja na fimbo yake, tope hadi magotini. Nikadhani kuna mgonjwa. Akasimama uani, akavua kofia, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa.

"Protus, msimu wa kulima umekwisha," nikamwambia.

"Keti, Mama Ayubu," akasema. "Nimeleta jembe."