Tawi Lililovunjika Hifadhini

Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye kibanda cha tiketi pale hifadhi ya bahari, na kila mgeni nimemwimbia wimbo uleule: "Usikanyage matumbawe. Yale ni viumbe hai. Ukivunja, unapanda boti, na siku yako imeisha!" Nausema kwa ukali hasa. Wenzangu wamenibandika jina la Bi Sheria.

Kitu kimoja sikuwahi kumwambia mtu: mimi mwenyewe sijawahi kutia uso majini. Samaki wote ninaowataja nimewajulia kwenye picha za ukutani.

Basi, darasa la binti yangu likaja kutembea. Kumbe mtoto ameshawatangazia wenzake kwamba mama yake anamjua kila samaki, na ataingia nao. "Mama, usiniangushe," akaninong'oneza. Ningekataaje? Nikavaa miwani na jaketi la kuelea, nikauma mrija wa kupumulia, nikajitosa kutoka kwenye boti kama mjuzi.

Jamani, kulikuwa kuzuri! Samaki wa manjano wakanipita mbele ya pua. Mara mrija ukaingia maji, nikayameza, nikaanza kutapatapa. Miguu ikatafuta pa kusimama, ikapapata. Kah! Kitu kikakatika. Nikachungulia: tawi zima la matumbawe limelala mchangani.

Mwongozaji wetu akaja mbio, amefura. "Nani kavunja?"

Neno "mimi" tu, likanishinda. Akamgeukia mwanafunzi mmoja aliyekuwa karibu yangu. "Ni wewe, eti? Si wewe uliyekuwa unarukaruka hapa?" Mtoto wa watu akabaki anatikisa kichwa. Na mimi, nakiri kwa aibu, nikashusha pumzi. Mtu mzima mzima!

"Ni mimi."

Alikuwa binti yangu. Aliniona nilipokanyaga, sasa hakunitazama kabisa.

"Haya, kwenye boti," mwongozaji akamwambia, kisha akanigeukia. "Samahani, Bi Sheria. Hapa hakuna upendeleo."

"Hakuna," nikajibu.

Akapanda, akajifunika taulo, akakaa peke yake huku wenzake wakiitana kwenda kumwona kasa. Nilikuwa bado na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo saa nzima.

Tulipofika ufukweni mwalimu wao akanishika mkono. "Hongera, mama. Umelea mtoto mkweli."

Binti yangu alikuwa amesimama papo hapo. Nikasema ahsante.